Violezo vya barua vilivyowatoa jasho wataalamu wa Munich

KUGEUZA kiolezo kimoja cha barua kutoka programu ya Microsoft Word hadi muundo huria wa hati ni kazi ya sekunde chache. Kugeuza violezo vya jiji zima ni kazi ya miaka.

Ukweli huo uliwafunukia maafisa wa jiji la Munich, kusini mwa Ujerumani, baada ya madiwani kuamua Mei 28, 2003 kwamba tarakilishi takriban 14,000 za jiji hilo ziondolewe katika mfumo wa Windows na kuwekwa Linux, pamoja na programu huria ya ofisi, OpenOffice.

Wakati huo macho yote yalielekezwa kwa Linux. Afisa mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, alikuwa amefunga safari hadi Munich mnamo Machi mwaka huo kumshawishi Meya Christian Ude asiihame kampuni hiyo.

Lakini mojawapo ya kazi ngumu zaidi ilikuwa imejificha mahali ambapo hakuna mpigapicha angejisumbua kwenda: katika barua za kawaida, fomu, notisi na vyeti ambavyo makarani na wahazili wa jiji walivitumia kila siku.

Kiolezo ni hati mama. Mhazili akikifungua, programu humpa nakala mpya isiyo na jina, huku ile ya asili ikibaki salama. Nakala hiyo huja ikiwa tayari na nembo ya ofisi, anwani, mahali pa tarehe na nambari ya kumbukumbu, fonti iliyoamriwa, upana wa pambizo na sentensi zisizobadilika. Kazi ya mhazili ni kujaza yanayohusu mtu anayeandikiwa.

Ofisi nyingi huishi bila kiolezo rasmi. Karani hufungua barua ya wiki iliyopita, hufuta jina na kuandika jingine. Matokeo yake yanajulikana: Bi Akinyi hupokea barua yenye jina lake hapo juu na nambari ya ploti ya Bw Kamau katika aya ya tatu.

Katika halmashauri kubwa, kosa la aina hiyo linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Notisi ya kodi isiyotaja kifungu sahihi cha sheria, au isiyomweleza mlipaji siku alizo nazo za kukata rufaa, inaweza kutupiliwa mbali. Kwa hivyo kiolezo hakihifadhi urembo wa barua pekee. Kinahifadhi pia maneno ambayo ofisi imeamua kuyatumia.

Maneno hayo kwa miaka mingi yalifungiwa ndani ya faili ambazo siri yake ilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Faili za zamani za Word, zile zinazoishia na .doc kwa hati na .dot kwa violezo, ziliandikwa kwa namna ambayo mtu akizitazama moja kwa moja huona vurugu ya alama. Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo huo waziwazi mwezi wa Februari mwaka 2008, wakati ambapo ofisi za dunia zilikuwa zimekwisha kurundika nyaraka zisizohesabika.

Muundo huria wa hati, unaojulikana kwa ufupisho ODF, ulichukua njia tofauti. Asili yake ni programu ya StarOffice iliyobuniwa na kampuni ya Star Division ya mjini Lüneburg, Ujerumani, ambayo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani mnamo 1999. Mwaka uliofuata Sun iliifungua programu hiyo kwa umma kwa jina la OpenOffice.

Muundo wa faili zake ulipitishwa na shirika la viwango la OASIS mnamo Mei 2005, na mwaka 2006 ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, nambari 26300. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma bila kuomba ruhusa wala kulipa ada. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ndiyo programu inayotumiwa zaidi leo na wale wanaoufuata muundo huo.

Ukitaka kujua kilichomo katika faili ya ODF, hakuna uchawi unaohitajika. Faili hiyo ni mkoba uliobanwa kwa njia ya zip. Nakili faili moja, badilisha herufi za mwisho za jina ziwe .zip, kisha ifungue. Ndani utakuta faili iitwayo content.xml yenye maneno ya hati, styles.xml yenye mitindo ya maandishi na kurasa, na kabrasha la picha ambamo nembo ya ofisi hukaa.

Humo pia mna faili ndogo mno iitwayo mimetype, yenye mstari mmoja tu. Mstari huo ndio unaotangaza kama faili ni hati ya kawaida au ni kiolezo. Hati huishia na .odt, kiolezo huishia na .ott.

Tofauti hiyo ndogo huleta hasara kubwa. Karani anayehamisha kiolezo na kukihifadhi kama .odt anaweza kudhani amefaulu, kwani kila kitu kinaonekana sawa kwenye skrini. Kikishawekwa katika kabrasha la pamoja, mfanyakazi wa kwanza kukifungua na kubofya pa kuhifadhi huwa ameandika barua ya mteja wake juu ya hati mama ya ofisi nzima.

Hilo ni kosa jepesi kuzuia. Yanayofuata ni magumu zaidi.

Kwanza kuna suala la kurasa. Word hugawa hati katika sehemu, na kila sehemu hubeba maagizo yake ya pambizo, kichwa na kijachini. Writer, yaani programu ya kuandikia iliyo ndani ya OpenOffice na LibreOffice, hutumia mitindo ya kurasa: ukurasa wa kwanza una mtindo wake, na mtindo huo ndio unaoamua ukurasa unaofuata utakuwa wa namna gani.

Barua rasmi karibu zote zina nembo katika ukurasa wa kwanza pekee. Zikigeuzwa kwa mashine, programu hujitahidi kukisia na kuunda mitindo yenye majina ya ajabu ajabu ambayo hakuna karani anayejua maana yake. Barua ya ukurasa mmoja hutoka vizuri. Siku mtu atakapoandika ya kurasa nne, nembo itajitokeza kila ukurasa au itatoweka kabisa.

Pili kuna nafasi tupu. Hapa lawama haziiendei programu yoyote bali mazoea. Watu wengi waliojifunza kupiga chapa kwa taipureta husukuma saini hadi mwisho wa ukurasa kwa kubofya kitufe cha kushukia mstari mara kumi na mbili, na hupanga safu za majina kwa kugonga nafasi. Almuradi karatasi inatoka sawa, hakuna anayeuliza imepangwa vipi.

Fonti ikibadilika kidogo tu, jengo hilo huporomoka. Herufi zikiwa pana zaidi kwa unywele, mstari mmoja huvuka kwenda wa pili na saini ya mkurugenzi hujikuta peke yake katika ukurasa wa mwisho.

Dawa ya fonti ipo. Tangu 2007 kumekuwa na fonti huria za Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawasawa na zile za Arial, Times New Roman na Courier New. Kwa Calibri na Cambria, ambazo zilienea pamoja na Office 2007, kuna Carlito na Caladea. Ofisi inayosahau kuziweka katika tarakilishi zote kabla ya kuhamisha violezo hujitafutia balaa bure.

Tatu kuna visanduku vya kujazia. Fomu nyingi za Word hufungwa ili mtumiaji aweze kujaza nafasi zilizoachwa tu, kuchagua kutoka orodha au kutia alama ya tiki, bila kugusa maneno mengine. Writer nayo ina njia zake za kufunga sehemu za hati na kuweka visanduku, lakini mbinu hazilingani moja kwa moja. Fomu inaweza kuhamia ikiwa na sura ileile ilhali kufuli lake limebaki nyuma.

Vivyo hivyo kwa barua za mkupuo, zile ambazo jina na anwani huvutwa kutoka jedwali la Excel au hifadhidata. Kiolezo huhama lakini kamba iliyokifunga na jedwali hukatika. Lazima jedwali lisajiliwe upya ndani ya programu mpya, la sivyo barua elfu moja zitachapishwa zikiwa na maneno "jina" na "anwani" mahali pa majina na anwani zenyewe.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni makro. Hizi ni programu ndogo ndogo zilizoandikwa ndani ya kiolezo ili kifanye kazi chenyewe: kiulize jina la mteja, kihesabu faini, kichague aya inayofaa, kichapishe nakala tatu. Makro za Word huandikwa kwa lugha iitwayo VBA, na huamrisha viungo vya Word kwa majina yake. Writer haina viungo vyenye majina hayo. LibreOffice huelewa sehemu ya lugha hiyo, hasa katika majedwali ya hesabu, lakini makro nzito ya barua kwa kawaida sharti iandikwe upya.

Makro zina sifa nyingine mbaya. Kirusi cha Melissa kilichosambaa duniani mnamo Machi 1999 kilikuwa makro ya Word, na kilijipenyeza katika kiolezo kikuu cha programu hiyo, Normal.dot, ili kiambukize kila hati iliyofuata. Kwa hivyo hata ofisi isiyonuia kuhama Word ina sababu nzuri ya kujua ni makro zipi zinazoishi katika violezo vyake, na ziliandikwa na nani.

Swali hilo la nani ndilo lililokuwa mwiba Munich. Idara za jiji zilikuwa na wataalamu wao wa tarakilishi, na kila moja ilikuwa imejitengenezea violezo vyake kwa miaka mingi. Barua moja ilikuwepo kwa sura kadhaa. Kugeuza rundo zima kama lilivyo kungehamisha pia mkanganyiko wote uliomo.

Ndipo jiji likaamua kuunda chombo chake lenyewe. Wataalamu wake walitengeneza programu ya nyongeza ya OpenOffice iliyopewa jina WollMux, jina linalowakumbusha Wajerumani mnyama wa hadithi anayetaga mayai, kutoa sufi, maziwa na nyama kwa pamoja. Kwa utani huo walikiri kwamba idara zilitaka chombo kimoja kifanye kila kitu.

Wazo lililoongoza WollMux lilikuwa rahisi na la busara. Badala ya kila kiolezo kubeba nembo, anwani, simu na jina la afisa, mambo hayo yalitenganishwa na maneno ya barua. Afisa akifungua kiolezo, programu huvuta jina lake, chumba na nambari ya simu kutoka orodha ya wafanyakazi na kuvipanga katika kichwa cha barua. Idara ikihamia jengo jingine, anwani hurekebishwa mahali pamoja badala ya katika mamia ya faili.

Aidha, WollMux ilishughulikia desturi moja ya utumishi wa umma wa Ujerumani ambayo programu za dukani haziijui. Barua rasmi huko huweza kubeba maagizo yaliyopangwa kwa nambari za Kirumi: la kwanza barua iende kwa fulani, la pili nakala iende idara fulani, la tatu karatasi ihifadhiwe katika jalada. Programu hiyo husoma maagizo na kuchapisha nakala zinazostahili, kila moja ikiwa na sehemu inayomhusu mpokeaji wake. Jiji liliitoa kwa umma kama programu huria mwaka 2008.

Mpangilio wa kazi nao ulikuwa wa kuigwa. Wafanyakazi wengi walianza kutumia OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows waliyoizoea. Mfumo wa tarakilishi ulibadilishwa baadaye. Kufikia mwisho wa 2009, ODF ilikuwa ndiyo kawaida ya hati za jiji, ingawa tarakilishi nyingi zilikuwa hazijawekwa Linux. Mradi wenyewe ulitangazwa kukamilika Desemba 2013, zaidi ya tarakilishi 14,800 zikiwa zimehamishwa.

Hadithi haikuishia hapo. Chini ya meya aliyefuata, Dieter Reiter, madiwani walipiga kura mnamo Novemba 2017 kurejea Windows, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu programu zisizoelewana na huduma ya tarakilishi isiyoridhisha. Watetezi wa mradi walidai kwamba matatizo mengi yalitokana na namna idara za tarakilishi zilivyopangwa, si na Linux. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama vya Kijani na SPD jijini humo ulikubaliana kwamba viwango na programu huria vipewe kipaumbele panapowezekana.

Kaskazini mwa nchi hiyohiyo, serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein ilitangaza mnamo Aprili 2024 kwamba itahamisha tarakilishi takriban 30,000 za utumishi wa umma kutoka Microsoft Office hadi LibreOffice, ODF ikiwa muundo wa hati. Violezo na makro vimo tena katika orodha ya kazi.

Kwa ofisi ndogo, shule au shirika la kijiji lenye violezo kumi au ishirini, kazi hii haihitaji bajeti ya jiji. Inahitaji mtu mmoja mwangalifu na siku chache za utulivu.

Hatua ya kwanza haigusi programu yoyote. Ni kukusanya violezo vyote kutoka tarakilishi za wafanyakazi, zikiwemo zile barua kuukuu ambazo hutumiwa kama violezo bila kuitwa hivyo, na kuuliza kila kimoja kilitumika lini mara ya mwisho. Kwa kawaida sehemu kubwa haina mwenyewe. Kisichotumika kisihamishwe.

Vilivyobaki vinaweza kugeuzwa kwa pamoja. Ndani ya menyu ya faili ya OpenOffice na LibreOffice mna msaidizi wa kugeuza hati, anayechukua kabrasha zima la violezo vya Word na kuandika nakala za ODF katika kabrasha jingine. Faili za asili haziguswi. Mwishoni hutoa taarifa ya yaliyofanyika, na taarifa hiyo isomwe.

Hata hivyo, vile violezo vitatu au vinne ambavyo ofisi huvitumia kila siku ni afadhali visigeuzwe kabisa bali vijengwe upya, kwa mitindo safi ya aya na kurasa. Saa mbili za kujenga ni nafuu kuliko mwaka wa kurekebisha saini inayotoroka.

Majaribio yafanywe kwa karatasi, si kwa macho kwenye skrini. Chapisha barua ileile kutoka Word na kutoka Writer, ziweke moja juu ya nyingine na uzielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Tofauti za pambizo huonekana papo hapo. Kisha jaribu barua ndefu, jina refu kupita kiasi, na anwani ya mistari sita.

Kuna jambo moja linalowahusu wanaoandika kwa Kiswahili, nalo husahaulika. Kiolezo hubeba pia lugha ya maandishi. Vingi vilivyotengenezwa katika Word vimewekewa Kiingereza cha Marekani, ndiyo maana barua ya Kiswahili hujaa mistari myekundu kana kwamba mwandishi hajui kuandika. Wakati wa kujenga upya, lugha iwekwe Kiswahili ndani ya mtindo mkuu wa aya. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili.

Kiswahili si kigeni katika programu hizi. Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, ambamo menyu zote zilikuwa za Kiswahili.

Vipo vikwazo ambavyo haviepukiki. Ofisi inayobadilishana rasimu kila siku na mawakili au wafadhili wanaotumia Word itaendelea kupokea na kutuma hati za .docx, na mpangilio utavurugika mara kwa mara. Barua zilizokamilika ni rahisi zaidi: zitumwe kama PDF, ambayo mpokeaji huiona jinsi ilivyo bila kujali iliandikwa kwa programu gani.

Violezo vipya viwekwe katika kabrasha ambalo wafanyakazi wote wanaweza kulisoma lakini mtu mmoja au wawili tu ndio wanaoweza kulibadilisha, na kila tarakilishi ielekezwe huko. Violezo vya zamani vya .dot visifutwe. Vihifadhiwe pembeni pamoja na tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa kuwa siku moja mtu anaweza kuja na notisi ya miaka iliyopita na kudai kwamba maneno yaliyomo hayakuwa ya ofisi hiyo.